Nani Alisema "Lia" Kwanza

Lukumani alikuwa bado na kucha za mkono wa kulia Inspekta Mbusa alipoingia chumbani, na kwa chumba kile hiyo ilikuwa asubuhi ya huruma. Mkono wa kushoto alikuwa ameukumbatia tumboni, umezungushiwa kitambaa cha kufutia meza.

Aliletwa Kisangani kutoka Basoko, upande mto unakoteremkia, pamoja na wengine ambao hawakufika. Huko watu wa msitu, yaani askari waliofukuzwa jeshini na vijana ambao hawakuwahi kuwa na kazi ya kufukuzwa, walivamia nyumba ya Chama. Mmoja wao alipiga kelele "Lia!", wengine wakajibu "Hatulii!", na walinzi waliokuwa ndani wakatoroka kupitia madirisha bila kungoja kuona ni watu wangapi. Sasa mwito ule ulikuwa kila mahali. Uliandikwa kwa mkaa kwenye kuta za Kisangani. Uwanjani, siku ya ngoma za Chama, kiongozi wa wachezaji aliuliza umati kama unafurahi, na umati ukamjibu kwa sauti moja: "Hatulii." Yule kiongozi alitoroka mji siku hiyohiyo, na alifanya vizuri.

Kapiteni Lifoko, mkuu wa Idara ya usalama mjini, hakujali bunduki za Basoko. Bunduki zinahesabika, alisema. Alitaka kinywa cha kwanza.

"Kuna mtu mmoja aliyesema kabla ya wote," alimwambia Mbusa. "Niletee huyo, nimpeleke Simi-Simi."

Simi-Simi kulikuwa na uwanja wa zamani wa ndege. Ndege zilikuwa zimehama. Malori ya Idara yaliendelea kwenda, na yalirudi mepesi.

Mbusa alivuta kiti, akaketi karibu na Lukumani. Alikuwa mtu wa Butembo, mfupi, mwenye abakosti, lile koti la watu wa serikali, iliyopauka mabegani, na alikuwa na tabia ambayo wenzake waliiona kuwa ulegevu: aliuliza swali kisha akangoja jibu.

"We ni mutu wa mashua," alisema.

"Njo kazi yangu, chef. Basoko, Kisangani, Kisangani, Basoko."

"Kwenu Basoko, ukisikia mutu anasema 'lia', unaelewa nini?"

Lukumani alimtazama askari aliyesimama mlangoni, kama anayeomba ruhusa ya kuwa na akili. "Kwetu iko Kilingala, chef. Lia, ni kula. Siku ya kwanza balisema 'lia' kule msituni, mi nilienda na sahani."

Askari alicheka. Mbusa hakucheka. Kapiteni alikuwa na hakika kwamba mwito ulipanda na mto kutoka msituni kuja mjini, na hakika hiyo ilikuwa imekwisha kuwagharimu watu wa Basoko nyumba zao. Lakini mwito wa Basoko ungekuwa wa Kilingala kutoka mwanzo hadi mwisho. Nani Basoko angemwamrisha mwenzake kula, na mwenzake ajibu kwamba hatoi machozi? Neno hili lilizaliwa mahali ambapo "lia" ni kutoa machozi. Lilishuka mto. Halikupanda.

"Ulisikia wapi kwanza?"

"Kwa mashua yangu. Bamama ba biashara balipanda hapa Kisangani. Moya anasema 'Lia!', mwenzake anajaza mashavu, anasema 'Hatulii'. Banacheka paka tunafika Basoko."

"Anajaza mashavu?"

"Njo vile, chef. Kila mutu anajaza mashavu. Hata kule msituni, bakubwa na ndevu zao, banajaza. Sijue juu ya nini. Njo inasemwaka vile."

"Bamama ba wapi?"

"Ba Kabondo. Banauzaka mikate."

Mbusa alisimama. Hakuwa na swali lingine, na alimwambia askari hivyo kwa maneno yaliyo wazi. Alipokuwa kwenye baraza alisikia kwamba upande wa askari maswali hayajaisha. Hakurudi.

Katika chumba cha pili kulikuwa na Arthur, mchoraji wa mabango, ameshika taya lake. Huyu alikuwa wazo la Kapiteni mwenyewe. Kapiteni alisoma Brussels miezi kadhaa na alirudi na mapenzi makubwa ya herufi za kwanza. Kwake LIA haikuwa neno bali kifupisho, Ligue des Insurgés Armés, yaani Umoja wa Waasi Wenye Silaha, na Arthur ndiye aliyeipaka LIA kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa lori sokoni. Mbusa alikuwa amekwenda kulitazama lori lenyewe jana yake. Lilikuwa la mfanyabiashara aitwaye Elia. Mkokoteni wa mihogo ulikuwa umekwaruza mlango na kuondoka na herufi ya kwanza.

"Nimeiona ile E," Mbusa alimwambia. "Alama yake ingali pale. Utatoka leo."

Arthur aliitikia kwa kichwa. Kusema hakuweza vizuri. Kwa ajili ya E moja alikuwa amepoteza meno ya mbele.

*

Petroli ya Idara ilikuwa ya gari la Kapiteni, kwa hiyo Mbusa alikwenda kwa baiskeli. Mtaa wa Kabondo ulikuwa umejaa baiskeli na moshi wa kukaanga. Alipita shuleni wakati wa mapumziko, akasimama kwenye ua wa michongoma na kutazama wasichana wakicheza.

Mmoja alikuwa amejivika kofia ya jani la mgomba lililokunjwa. Mwingine alipiga magoti mbele yake, mikono nyuma mgongoni, mashavu yamevimba kwa pumzi. Mwenye kofia aliinama na kubweka: "Liá!" Alikaza mwisho wa neno na kulipandisha, kama wanavyosema Kilingala watu wa mkoa wa Équateur, na si kama mama wa Kabondo anavyomwambia mtoto aliyefiwa. Aliyepiga magoti alijibu kwa mdomo uliobana: "Silii!" Wengine wote wakarukaruka: "Hatulii! Hatulii!"

Mbusa aliwaacha warudie. Alikuwa amesikia mwito huu kwa watu wazima wengi, lakini watu wazima husafisha vitu. Watoto hucheza jambo kama lilivyokuja. Aliyejibu kwanza alikuwa mmoja: silii, si hatulii. Mikono yake ilifungwa. Alikuwa na kitu mdomoni. Na aliyemwamrisha alikuwa na kofia na Kilingala.

"Nani alibafundisha muchezo huu?" aliuliza.

Walitawanyika mara moja, maana abakosti wanaijua hata wa darasa la kwanza. Lakini mwenye kofia, kabla ya kukimbia, aligeuza macho upande wa barabara ya mitende, na Mbusa alifuata macho hayo. Wanawake wawili njiani walimwambia kitu kilekile, mmoja kwa hasira na mwingine kwa kuelekeza kidevu: mama Wivine, wa mikate.

Alimkuta akikaanga chini ya bati, mgongo umeelekea ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Ilimchukua Mbusa muda kuutambua ukuta ule, kwa kuwa aliuzoea kutoka ndani. Ulikuwa ukuta wa nyuma wa Idara, ile villa ambayo Mgiriki mmoja aliijenga na serikali ikaitwaa. Alikuwa amezunguka Kabondo nzima kufika nyuma ya ofisi yake mwenyewe.

Wivine Mbambu alikuwa mjane, mwana wa Butembo kama yeye. Alimwita Mbusa tonton, yaani mjomba, tangu siku alipokuja mjini na sanduku la mbao, na kila Jumapili alimpelekea mikate nyumbani.

"Tonton, leo hapana siku yako."

"Leo minakuya kwa kazi, Wivine."

Aliacha kijiko kwenye mafuta. Alipokitoa mkate ulikuwa umekwisha kuungua.

"Ni ile maneno," alisema.

"Ni ile. Sikia. Kapiteni anatafuta mutu wa kwanza. Akikosa, atakamata yoyote, na batu wote banakuonyesha we. Kama ulitunga we, niambie, nitajua ya kufanya. Kama ulisikia, niambie ulisikia wapi. Ukisema kweli, utarudia mikate yako. Minakuapia."

Aliapa, ndiyo, na aliamini alichoapa. Ndilo jambo baya zaidi katika habari hii.

Wivine alipangusa mikono. Aliongea akiutazama ukuta.

"Haikuwa usiku. Ilikuwa saa ya kukaanga, vile. Nilisikia banapiga mutu kule ndani. Bon, tunasikiaka, tunazoea. Lakini ile siku mwenye kupiga alikuwa anasema, 'Lia! Lia!' Na yule mutu anakatala. Anasema, 'Silii.' Banapiga tena. 'Lia!' 'Silii.' Sauti yake ilikuwa sawa mutu iko na bugali mu mdomo. Nilizani ni damu. Mi hapa nililia, tonton. Yee hakulia paka mwisho."

"Mwisho gani?"

"Kisha alinyamaza."

"Na we?"

"Nilihadisia bamama benzangu, minajaza mashavu sawa ile sauti, na batoto banasikia. Nilibaambia, mutu huyu banamupiga alie, na anakatala kulia. Alors, sisi tunaliaka juu ya nini? Bei ya unga inapanda, tunalia. Banatwaa biashara, tunalia. Tukaanza kusemezana vile, kwa kujipa nguvu. Moya anasema lia, mwingine anasema hatulii. Njo yote. Sikujua itafika msituni."

"Sauti ile uliijua?"

Alishusha sauti. "Ilikuwa ya mwalimu Évariste. Alifundisha mutoto wangu."

Mbusa alimfahamu Évariste kwa karatasi tu. Mwalimu mzaliwa wa Kasongo, Maniema, aliyekamatwa kwa kukataa kuwapeleka wanafunzi kwenye ngoma za Chama. Mbusa alikuwa kazini Isiro wakati huo. Aliporudi aliambiwa mwalimu ameruka dirisha, amevuka mto, sasa ndiye anayewaongoza watu wa msitu. Kapiteni alikuwa amesaini taarifa hiyo na kuipeleka Kinshasa.

"We unajua Kilingala, Wivine. 'Lia' ya Kilingala haikukuya mu kichwa?"

Alimtazama kama mtu aliyetaniwa msibani. "Tonton. Kwa Zaire hii, soda na bunduki yake atapiga mutu juu ya kula? Soda anapigaka mutu juu ya kumunyanganya chakula."

Mbusa alimwomba waende pamoja Idara, akaseme hayo mwenyewe, yaishe. Wivine alitazama beseni la unga lililofunikwa kwa kanga.

"Unga iko inaumuka. Nikikawia itachacha."

"Hautakawia," alisema Mbusa.

*

Getini alikuwepo Désiré, mlinzi na mpishi, kijana mnene wa Équateur, kofia ya kazi kichwani, ambaye hakuwahi kumpiga mtu na aliona aibu kidogo kwa hilo. Mbusa alimketisha Wivine kwenye benchi la baraza, akamvuta Désiré kando.

"Yule mwalimu Évariste, ulimpikia?"

"Nilimpikia, chef. Alikataa." Désiré alionekana kuumia hadi leo. "Fufu nzuri ya muhogo, samaki wa mto Tshopo. Alisema hatakula mpaka aachiliwe. Kapiteni akasema huyu anatakiwa Kinshasa kwa kesi, hawezi kufa kwa njaa mkononi mwangu. Akaja mwenyewe."

"Akasema nini?"

"Akamwambia ale. Lia, lia. Bakamufunga mikono, bakamusukumia fufu na mwiko wangu. Wa mbao, chef, ule mrefu. Mwalimu anatema, anasema sijui nini, Kiswahili chake cha huko Maniema. 'Sili, sili.' Kapiteni anasukuma."

"Kisha akaruka dirisha."

Désiré alitazama miguu yake. "Chef, dirisha la kile chumba liko na vyuma. Ile fufu iliingia kwa njia ya pumzi. Mwiko nililazimika kununua mwingine."

Basi ikawa wazi yote, na kwa muda mfupi Mbusa alisikia furaha, furaha ile mbaya ya fundi ambaye kitasa kimemfungukia. Mtu wa Kisangani angesema "sitaki kula" na jirani angeelewa. Évariste alisema kama walivyomfundisha kwao: sili. Kapiteni, ambaye aliona ni aibu kujua Kiswahili, alisema kwa lugha yake: lia, kula. Kupitia ukuta, kwa fufu mdomoni, sili ilivutika ikawa silii, na amri ya kula ikawa amri ya kutoa machozi. Hakuna aliyetunga. Jeshi zima la msituni lilikuwa likishambulia kwa makosa ya sikio.

Na kama hakuna aliyetunga, hakuna wa kupeleka Simi-Simi. Kinywa cha kwanza kilikuwa kinywa cha maiti. Mbusa aligonga mlango wa Kapiteni akiwa na hakika kwamba amempatia Wivine njia ya kurudi nyumbani.

Kapiteni Lifoko alikuwa akimenya chungwa. Alikuwa mtu mrefu, mtulivu, mwenye mikono safi. Mbusa alieleza kwa Kifaransa, hatua kwa hatua: Basoko, mashavu, watoto, ukuta. Alipofika kwa Évariste alichagua maneno yake.

"Mtu wa kwanza ni mwalimu, mon capitaine. Taarifa inasema alivuka mto. Basi mwenye mwito hayupo, na kosa si la mtu yeyote wa hapa mjini. Tunaweza kufunga faili kwa jina lake."

"Na 'lia' yenyewe? Nani alisema 'lia'?"

Mbusa alitazama maganda ya chungwa mezani.

Kapiteni alicheka, kwa dhati, hadi maji ya chungwa yakamdondokea suruali. "Donc ni mimi. Citoyen Mbusa, unaniambia mimi ndiye niliyewafundisha waasi mwito wao."

"Siandiki hivyo, mon capitaine."

"Najua huandiki. Una akili." Alijipangusa kidole kimoja kimoja. "Kazi nzuri. Nakuambia kweli, sijaona upelelezi kama huu. Mimi nilidhani herufi." Aliweka leso mezani. "Évariste ameruka dirisha. Rais wa nchi ameandikiwa hivyo. Sasa wewe unaniambia kuna mtu nyuma ya ukuta wangu ambaye alisikia mpaka mwisho."

"Alisikia kelele tu. Hakuelewa. Hata sasa haelewi kwamba ilikuwa chakula."

"Alielewa ni nani?"

Mbusa alichelewa kidogo tu. Alikuwa hodari wa kungoja majibu ya watu, na alijua mwenyewe kuchelewa kunasema nini.

"Ayokaki," alisema Kapiteni kwa Kilingala, polepole, kama anayejaribu neno jipya. Alisikia. Kisha akachukua simu na kuagiza lori.

"Niliapa atarudi nyumbani, mon capitaine."

"Uliapa kwa nani?"

"Kwake."

"Basi hakuna shahidi," alisema Kapiteni, na akarudia chungwa lake.

Mbusa alitoka. Baraza lilikuwa na jua la mchana. Wivine alikuwa bado benchini, mikono mapajani, na unga mkavu kwenye viwiko. Alimsoma usoni mara moja. Wanawake wanaouza njiani huwasoma watu kwa mbali. Hakuuliza kuhusu kiapo. Aliuliza kama mtu anaweza kwenda kumwambia jirani auondoe ule unga juani.

"Nitaenda mi," alisema Mbusa.

"Na mutoto, tonton. Atatoka shule."

"Nitaenda."

Upande wa getini lori liliwashwa. Désiré alikuja kutoka jikoni na sahani, kwa sababu ndivyo alivyofanya kwa kila aliyengoja pale, na kwa sababu alimwonea huruma. Fufu na samaki. Aliinama, akamwekea magotini kwa upole, akamwambia kwa lugha ya kwao, ile aliyozaliwa nayo:

"Mama, lia."

Wivine aliinua uso. Alimtazama yule kijana mwenye kofia aliyeinama mbele yake. Kisha alimtazama Mbusa, na Mbusa, ambaye alikuwa na muda wa kutosha wa kusema neno moja, "Anakuambia ule chakula", hakulisema.

"Silii," alisema Wivine.

Désiré alingoja kidogo, akaichukua sahani. "Hataki kula," alimwambia Mbusa kwa masikitiko. Akaketi mwisho wa benchi, akaanza kula yeye, kwa kuwa samaki alikuwa bado wa moto.